Khanga ya Mama Ndani ya Sanduku la Wawindaji

Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa Mama Gloire, maana yeye akisimulia mbwa wanakuwa watatu. Mbwa alikuwa mmoja. Aibu ilinitosha hivyo hivyo, na mpaka leo nikikumbuka nafunika uso kwa sufuria au chochote kilicho karibu.

Kazi yangu hapa Johannesburg ni kufua na kutunza nguo za wawindaji. Chekeni, hata mimi nilicheka siku Bwana Kobus aliponieleza. Huyu Kobus ana duka la vifaa vya kuwindia, na wateja wake wakirudi kutoka porini wanamwachia makoti, suruali na kofia, naye ananiletea nyumbani kwangu, mtaa wa Observatory, kwa sababu mnyama anamnusa mtu kabla hajamwona, kwa hiyo nguo ikinuka sabuni, au vitunguu, au kwapa, basi mtu ameendesha gari mpaka Limpopo kwenda kutazama miti. Nafua kwa sabuni isiyo na harufu na magadi, naanika kibarazani kwenye upepo mbali na jiko, nakunja kwa glavu, napanga kwenye sanduku la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, natia majani makavu ya huko porini wanakowindia na vifuko vya makaa vya kunyonya harufu, nafunga vibano vinne. Humo haiingii hata harufu ya mtoto aliyejikojolea. (Nimejaribu. Si kwa makusudi.)

Na mwenyewe sharti nisinukie. Marashi hakuna, udi hakuna, nyumba nzima. Mtu wa Tanga, mwambie asichome udi, ni kama umemwambia asiongee.

Mama yangu alikuwa anafukiza nguo kila Alhamisi jioni. Chetezo chini, tenga juu yake, nguo za Ijumaa juu ya tenga, na sisi watoto tunagombania kuingiza vichwa humo ndani mpaka macho yanatoka machozi, naye anatupiga makofi ya mgongo: "Tokeni, mtaniunguzia buibui langu." Udi alikuwa hapimi. Akipita mtaani kwetu Ngamiani, aliye ndani ya nyumba alijua nani amepita. Sare yangu ya shule nayo aliifukiza, wenzangu wakawa wananiita bibi harusi, nikarudi nyumbani nikamwambia mama ananiaibisha. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, sikuwa na akili, na hilo nalo halinitoki.

Alipofariki sikwenda kumzika. Nilikuwa na mimba ya mwanangu Nasra, ya miezi minane, na makaratasi yangu yalikuwa bado hayajatoka. Mama mdogo akanitumia kwa mtu wa basi khanga moja aliyokuwa akijifunga, haijafuliwa, na nilimwomba isifuliwe. Udi, mafuta ya nazi, na kitu kingine ambacho hakiuzwi dukani, ni yeye tu. Nikaiweka kabatini, nikawa nainusa kidogo kidogo kama mtu anayebania sukari. Lakini hewa ya Johannesburg ni kavu, baridi yake inapasua midomo, na kila nikiikunjua naona imepungua. Mwaka huu mwezi wa tano ilinibidi nipeleke pua mpaka kwenye pindo ndipo nikampata.

Ndipo nikapata akili yangu kubwa. Nikalitazama lile sanduku nikasema, kama harufu ya nje haiingii, basi ya ndani haitoki. Juu ya makoti ilibaki nafasi. Nikailaza khanga hapo, nikafunga vibano vinne. (Makoti? Nilijiambia nitayafua tena kabla ya msimu, mfuaji ni mimi, nani atajua. Vifuko vya makaa sikuvikumbuka kabisa, mimi, ninayevipanga kwa mkono wangu.) Usiku ule nililala vizuri kuliko miaka yote mitatu tangu afariki.

Masanduku ya msimu hukaa kwangu mpaka Bwana Kobus apige simu, kisha huja Jumatatu. Wiki ya tatu akaja Jumamosi bila kupiga simu, mimi niko kliniki na Nasra, masikio yanamuuma. Ufunguo alikuwa nao Mama Gloire, jirani yangu wa Lubumbashi, msusi. Niliporudi alikuwa anamsuka mtu, hata macho hakuinua.

"Mama Nasra, muzungu alikuya. Nikamupa masanduku yake."

"Lipi?"

"Yote mbili. Kwani kuko nini?"

"Khanga ya mama imo ndani."

Akaachia nywele za mteja. "Eish. Sasa unasimama hapa unaniangalia mie kwa nini?"

Nikamfunga Nasra mgongoni, dera limemwagikiwa dawa ya mtoto kifuani, miguuni ndala za bafuni, nikabadilisha taksi mbili mpaka dukani. Duka limejaa, maana msimu unaanza, wanaume kama kumi wamevaa kaptura kwenye baridi ile, na Kobus amesimama katikati yao na sanduku langu juu ya meza, ananisifia.

"Huyu hapa mwenyewe," akasema aliponiona. "Njooni mnuse. Hamtanusa kitu."

"Bwana Kobus, subiri kwanza."

"Usione haya, mama."

Akafungua. Sijui niwaelezeje. Udi uliokuwa ukivuja kidogo kidogo kabatini ulikuwa umejikusanya wiki tatu ndani ya plastiki, ukatoka wote mara moja kama mtu aliyekuwa anagonga mlango. Mbwa wake wa kuwindia alikuwa amelala mlangoni, akainuka, akaja akatia pua, akapiga chafya mfululizo, akatoka kwenda kulala nje. Mzee mmoja mwenye ndevu akauliza, "Kobus, hawa swala mwaka huu unawawinda au unawaoa?" Duka zima likaangua kicheko. Kobus akawa mwekundu mpaka masikio, akainyanyua khanga kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Na hili pazia ni la nani?"

"La mama yangu, na amekufa. Weka chini."

Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kicheko kikakatika, watu wakaanza kutazama viatu vyao, na Nasra, ambaye Kiswahili anasikia tu, akatoa kichwa mgongoni kwangu akasema kwa Kizulu chake, "Kunuka kamnandi, Mama." Yaani pananukia vizuri.

Nikainyakua khanga nikatoka nayo, nikajifunika uso nayo barabarani mbele ya watu. Hakuna. Magadi na majani makavu. Nikatafuta pindo, hakuna. Makaa yamenyonya sehemu yake ya harufu, na iliyobaki imeingia kwenye makoti saba ya watu nisiowajua.

Kobus akanifuata na sanduku. Si mtu mbaya, ila hajui kupunguza sauti. "Pole kwa mama. Lakini haya yote ufue tena. Yasinuke kitu."

Basi nikafua. Kila koti nililitia uso kwanza, kisha nikalitumbukiza kwenye maji, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nimewakasirikia wote, Kobus na Jumamosi yake, wale wa kaptura, hata mama na udi wake wa kutopimwa, na kuliko wote mimi. Makoti sita niliyarudisha. La saba, kubwa, la yule mzee wa ndevu, lililomshika mama kuliko yote, lilinishinda kulifua, nikalilaza kitandani upande wangu.

Kobus akapiga simu. "Bado halijakauka," nikamwambia. Siku ya pili, bado. Siku ya nne akasema, "Mama Nasra, jua linawaka wiki nzima."

Nikalifua jioni ile ile, kwa mkono, kwa sababu mtoto anakula kwa kazi hii. Lilipokauka nikalinusa kila mahali, mikono, mifuko, kola. Safi kabisa. Sijawahi kufua vizuri hivyo.

Sitafungia tena kitu cha mtu wangu kwenye sanduku, liwe na mpira au lisiwe nao. Nikipata kingine nitakivaa kila siku, sokoni, kliniki, hata nikipika, mpaka kiishe mwilini mwangu.