Mapigo ya Mzee Luhende

Mnaotaka mizimu ya usiku wa manane, na bundi, na paka weusi, tafuteni kwa wengine. Mimi yangu yalinikuta saa nne asubuhi, jua linawaka, nimevaa sare yangu ya unesi, na foleni ya watu wanakohoa mlangoni. Wala sikuhadithiwa na shemeji wa jirani. Yalinikuta mimi, na ukisema ni uongo tutagombana.

Chanzo ni saa ya mkononi.

Miaka ya tisini nilikuwa nesi kwenye zahanati moja huko Ugalla. Nesi kazi yake ni kuhesabu. Mapigo ya moyo anahesabu, pumzi za mtoto anahesabu, dakika nzima, macho kwenye mshale wa sekunde. Sasa mimi nilikuwa nanunua hizi saa za plastiki za mnadani. Ya kwanza iliingia maji nikiwa nafua. Ya pili ilikata mkanda ikatumbukia chooni, na sikuililia. Ya tatu ilikufa katikati ya dakika, nimemshika mtoto mchanga anayehema kwa shida, mama yake ananikodolea macho. Nikaanza upya kwa kukisia kichwani huku najilaani. Mtoto alipona, lakini siku ile niliapa.

Nikapanda lori la magunia ya mahindi hadi Mpanda mjini, nikaenda kwa fundi saa mmoja pale sokoni, Mrundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, jina lake Melkiori, mtu wa maneno machache.

"Unataka ya kupendeza au ya kufanya kazi?" akaniuliza.

"Ya kazi."

"Basi toa macho kwenye hizo zinazong'aa."

Akaniwekea mbili masikioni, moja huku, nyingine kule. Moja ilikuwa inachakarisha kama panya kwenye mabua. Ya pili ilitembea kwa hatua zilizo sawasawa. Akaifungua mgongo, nikaona magurudumu madogo na vijiwe vyekundu. Chuma kitupu, si rangi ya dhahabu ya kubanduka. Namba kubwa, mshale wa sekunde mrefu unaogusa kila alama. Ya kutia ufunguo kila asubuhi, haina betri. Bei sisemi, maana mume wangu mpaka leo hajui, na kusoma anajua.

Umewahi kumiliki saa nzuri kijijini? Usijaribu kama unapenda amani. Mchungaji anapita na ng'ombe: "Nesi, saa ngapi?" Mtu anakwenda shambani, na huko shambani hana miadi na yeyote: "Nesi, saa ngapi?" Mwalimu mkuu alikuwa anatuma mtu kila asubuhi ndipo apige kengele. Miezi miwili haikupoteza hata dakika moja, niliilinganisha kila siku na taarifa ya habari ya redioni. Sifa zake zikavuka mto mpaka kwenye maboma ya Wasukuma: nesi ana saa isiyodanganya.

Sifa hizo ndizo zilizomleta yule mzee.

Alikaa mwisho wa foleni. Mrefu, kajifunga shuka begani, lubega, fimbo mkononi. Ilikuwa masika, kila mtu anaingia na tope hadi magotini. Yeye nyayo zake zilikuwa kavu, nyeupe kwa vumbi. Niliona, niamini. Ila nilikuwa nimechoka, nikafurahi tu kwamba huyu hatachafua sakafu.

"Unaumwa nini, baba?"

"Siumwi, mayu," akasema, kama Wasukuma wanavyomwita mama. "Nimekuja unihesabie."

"Nikuhesabie nini?"

Akanyoosha mkono. "Hicho mnachohesabu hapa. Nataka kujua kama kipo."

Kila siku lazima apatikane mmoja wa namna hii! Nikamshika mkono, nikatafuta mshipa, nikatazama saa. Mshale wa sekunde umesimama.

Unadhani niliogopa? Nilikasirika. Nilimlaani Melkiori na ukoo wake wote. Nikauachia mkono wa mzee ili niitikise saa, mshale ukaanza kutembea. Nikamshika tena, ukasimama. Nikauachia, ukaenda. Nikamwita Mama Skola, mhudumu wetu, nikamshika yeye. Mapigo yanadunda, saa inatembea vizuri kabisa.

"Nesi, mbona mimi siumwi?" Mama Skola akalalamika.

"Nyamaza kidogo."

Nikarudi kwa mzee. Ikasimama. Na chini ya vidole vyangu hakuna kitu, ngozi tu, kama kamba iliyoachwa juani.

"Niko kwenye shamba la mtu," mzee akaanza kunieleza taratibu. "Nalima tu, mayu. Sichoki. Sikumbuki nimekula lini. Nikasema niende kwa mwenye saa, yeye ataniambia ukweli."

Hapo mtu mwenye akili angeinuka na kukimbia. Mimi nilikuwa na watoto wawili wa kuchoma sindano, ripoti ya mwezi haijaandikwa, na saa ya gharama inanifanyia vituko. Nikajiambia mzee ana mishipa ya ndani, saa ina kasoro, basi. Nikachukua daftari nikaandika sabini na mbili. Sikuhesabu hata pigo moja.

"Sabini na mbili, baba. Uko mzima. Nenda nyumbani."

Akanitazama muda mrefu, machozi yakamlenga. "Niende nyumbani?"

"Nenda. Foleni imeisha, na mimi nina kazi."

Akanishukuru kwa mikono miwili, akatoka.

Siku ya tatu akaja mwanamume mmoja na baiskeli, jasho linamtiririka. Akajitaja kuwa ni Masanja, wa maboma ya ng'ambo.

"Ni wewe uliyemwambia kaka yangu kuwa ni mzima?"

"Kaka yako yupi?"

"Luhende. Tulimzika mwaka juzi. Mimi mwenyewe nilishika jembe."

Mama Skola akadondosha beseni. Masanja akaendelea, hasira na hofu zimechanganyika. Kaka yake alitokea mchana kweupe, akakaa uani kwenye kigoda chake cha zamani. Hali chakula, halali usingizi. Ng'ombe wamegoma kuingia zizini. Watu wanasema ni msukule, mfu anayelimishwa na wachawi, amewatoroka waliomchukua. Wazee wamekuja, mganga amekuja, wote wanamwambia aende zake. Yeye ana jibu moja tu: nesi amenipima.

"Nyie wasomi mnaandika tu," Masanja akasema. "Njoo umpime tena, umwambie mwenyewe."

Ningekataa vipi? Nilipakiwa nyuma ya baiskeli, tope linaniruka hadi mgongoni, najikaripia njia nzima. Tarakimu mbili tu! Ningemwambia sijui, ingenigharimu nini?

Tulifika saa tisa alasiri. Uwanja umejaa watu, wote mbali. Mzee yuko peke yake katikati. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyekaa karibu naye, hatua tano hivi, na sahani ya ugali uliopoa mapajani. Alikuwa Kabula, mke wake. Aliponiona alisimama.

"Nesi, waambie," akanisihi. "Waambie ulihesabu."

Sijawahi kuitazama ardhi namna ile.

Mzee akanyoosha mkono kabla sijaomba. Nikaushika. Mshale ukasimama. Nilisubiri. Nakuapia nilisubiri kuliko dakika, vidole vinatafuta huku na huku, na safari hii nilikuwa namwomba Mungu nipate hata kimoja.

"Baba," nikasema, "nilikudanganya. Siku ile sikuhesabu. Niliandika tu."

"Hata kimoja hukupata?"

"Hata kimoja."

Hakukasirika. Laiti angenitukana. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa lori la kwenda kwao limeshaondoka. Akamgeukia mkewe. "Kabula, umesikia. Kula wewe." Akachukua fimbo, akapita katikati ya mahindi. Mabua hayakutikisika. Vijana walipozunguka upande wa pili hawakuona mtu wala unyayo.

Jioni ile ng'ombe waliingia zizini wenyewe. Kabula alilia kama msiba ni wa siku ile, na mimi ndiye niliyemfanya afiwe mara mbili.

Saa ninayo mpaka leo. Melkiori aliifungua mara tatu, akaniambia haina ugonjwa, nisimpotezee muda. Lakini kwa miaka yote niliyobaki Ugalla, kila mwisho wa mwezi Kabula alivuka mto, akapanga foleni, akakaa mbele yangu bila kadi na bila ugonjwa, akanyoosha mkono.

"Nihesabie, nesi. Ila hesabu kweli."

Nilikuwa nahesabu dakika nzima, hata foleni ifike barabarani. Nikitaja namba, anaiangalia saa, kisha ananiangalia mimi. Hakuwahi kusema asante.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua saa nzuri, nunua, ila ujue watu watakuamini. Na akija mtu kukuuliza kama yu hai, usimpe jibu lolote ilimradi aondoke.