Kofia ya Njano Kwenye Televisheni

Mahindi yakianikwa uani baada ya kuvunwa huwa na harufu yake, harufu ya vumbi na maganda makavu, na katika nyumba ya nyanya yangu kule Rongai iliingia mpaka sebuleni ikakaa kwenye vitambaa vya makochi. Hadi leo, lori la mahindi likinipita katikati ya mji wa Nakuru, vidole vyangu hujikunja vyenyewe kana kwamba vimeshika rimoti. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alifanya kazi katika shamba la maua huko Naivasha na kuishi kwenye chumba cha kupanga Karagita, baba alikuwa Uarabuni kwenye kazi za ujenzi, na mimi nililelewa na nyanya, ambaye sote tulimwita Shosho. Mwaka huo ndio macho yake yalipozima kabisa. Daktari alisema tumechelewa kumleta. Alibaki akiona mwanga tu: angeweza kukuambia dirisha liko wapi na kama televisheni imewashwa, basi.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama mzaa baba, na mimi ni Wangui kama yeye. Hilo si jambo la cheti cha kuzaliwa tu. Mtoto mwenye jina lako ni wewe mwenyewe uliyerudi ukiwa mdogo, ndiyo maana baba akiwa na furaha aliniita mama, na wanawake wa kanisani walinitania kwamba nimezaa mwanamume mrefu hivyo na bado nalowesha kitanda. Macho yalipomwisha, Shosho hakulia mbele yetu. Alinivuta akaniketisha kando yake kwenye kochi, akasema, "Si kitu. Wangui mmoja akikosa macho, yule mwingine anayo." Watu walicheka, nami nikajiona mtu mkubwa sana.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Jumapili. Aunti Nyambura, dada mdogo wa baba, alikuwa fundi wa nguo pale mjini Rongai, na ni yeye peke yake katika familia aliyekuwa na simu ya kupokea picha. Baba alimtumia picha wiki nzima. Jumamosi jioni Aunti alizipeleka saiba, kwenye duka la kompyuta, zikatiwa kwenye flashi ya kuchomeka kwenye televisheni, na Jumapili baada ya ibada aliileta flashi hiyo imefungwa kwenye kona ya leso kama sadaka. Zamani mgeni akiingia nyumbani kwetu alipewa albamu aangalie huku chai ikichemka, albamu zenye picha za ubatizo na harusi na watu waliosimama wima mbele ya maua. Mwaka huo albamu zilikaa kabatini. Majirani walikuja kumsalimia baba kwenye televisheni ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeinunua kabla ya kuondoka, wakajaza makochi na viti vya plastiki na ukingo wa mlango. Picha nyingine zilitokea zimelala ubavu, nasi sote tuliinamisha shingo upande mmoja, hata mzee wa kanisa. Shosho aliketi karibu na kioo kuliko wote, amefunga kitambaa safi, na mwanga ukibadilika usoni pake alijua picha mpya imeingia. "Njoroge," alisema akiuelekea ule mwanga, "umeamka vizuri?" Hakuna aliyemcheka.

Mimi ndiye niliyeshika rimoti na kusema kilichoko. Nilisema kila kitu. Picha ya kwanza kabisa aliyotuma baba, siku ya kuanza kazi, nilimweleza Shosho hadi akaishika kichwani: baba amesimama mbele ya nyumba ndefu ambayo haijaisha, amevaa kofia ngumu ya njano ya watu wa mjengo, anacheka, mashavu yamejaa, shati la buluu limembana tumboni. "Limembana?" Shosho aliuliza, akapiga makofi. Akawageukia wageni. "Huyo anakula. Siku nikisikia mtoto wangu amekonda, nampigia simu namwambia arudi, na atarudi. Huyo hajawahi kunikatalia kitu." Na ilikuwa kweli. Mama akimwambia neno alilizungusha, Aunti alibishana naye tangu utoto, lakini mama yake akisema rudi, baba angerudi. Kila mtu kwenye sebule ile alilijua hilo.

Televisheni yetu ilikuwa na ukaidi wake. Ilianza na picha mpya kabisa na kurudi nyuma, kwa hiyo kila Jumapili tulimwona kwanza baba wa wiki hiyo, na kadiri nilivyobonyeza ndivyo tulivyorudi kwa baba wa miezi iliyopita. Sijui ni Jumapili gani niliyoanza kuona kwamba nikibonyeza, baba ananenepa. Shavu lililobonyea linajaa. Shingo inarudi kwenye kola. Nilirudi mbele, akakonda tena. Nikageuka kuwatazama watu wazima, nikidhani watasema kitu, lakini kila mmoja alikuwa akitazama kikombe chake. Shosho alisubiri. "Enhe, Wangui. Akoje?"

Aunti aliniita jikoni. Alifunga mlango, akanishika mabega. "Sikiza, mami. Usimwambie Shosho ati baba amekonda. Ako na presha, ikipanda tutampoteza. Na baba amebakisha miezi kidogo tu amalize mkataba, anasema ni joto la huko. Umesikia?" Nilimuuliza niseme nini basi. Aunti alifikiri huku ameangalia sufuria ya chai. "Sema ako tu vile alikuwa."

Nikasema yuko vile alivyokuwa. Niliogopa kutunga uongo wangu mwenyewe, kwa hiyo nikawa nachukua picha ile ya kwanza na kuisema juu ya picha ya wiki hiyo. Mbele yangu baba ameketi kwenye kitanda cha chuma, macho makubwa, miguu imevimba ndani ya malapa, nami nasema amesimama, anacheka, amevaa kofia ya njano. Sauti yangu ilitoka nyembamba, na chumba kilinyamaza, watu zaidi ya kumi, wote wanaona, wote wananisikiliza nikidanganya, na hakuna aliyeniokoa. Niliwachukia siku ile. Mama alipokuja kwa mapumziko yake kutoka Karagita, aliona picha mbili tu, akatoka nje akaanza kugeuza mahindi kwenye turubai, mahindi ambayo yalikuwa yamegeuzwa asubuhi ile ile. Nilimfuata. Nilimwambia amwambie Shosho yeye. Alisema, "Nimemsihi baba yako arudi mpaka nimechoka. Nikimwambia Shosho na apatwe na kitu, hiyo familia itaniambia nimemuua." Akaendelea kugeuza.

Kwenye simu baba alisema nakula mama, nalala mama. Shosho alimwamini, lakini alipokata simu alinigeukia mimi, maana sauti inaweza kujikaza lakini mimi nilikuwa macho yake. Mara moja tu nilikaribia kumwambia ukweli. Tulikuwa wawili uani tukipukuchua mahindi, akaniuliza, "Hiyo kofia ya njano haitoi hata akiwa nyumba ya kulala?" Nilifungua mdomo. Akilini nilimwona akianguka pale kwenye maganda, nikamwona Aunti akinitazama. Nikasema, "Anaipenda, Shosho." Akasema, "Haya," akachukua gunzi jingine.

Baba aliletwa nyumbani kabla mkataba haujaisha, kwa sababu hakuweza tena kusimama. Figo zake zilikuwa zimeshindwa, na madaktari walisema yale yale waliyosema juu ya macho ya Shosho, kwamba tumechelewa. Alipoteremshwa kwenye gari, Shosho alikuwa langoni tangu asubuhi. Alinyoosha mikono, akampata mkononi, juu kidogo ya kiwiko, na vidole vyake vikakutana upande wa pili. Alivibana, akaviachilia, akavibana tena. Halafu akaupapasa uso wote, polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji, na nilitaka aniite anipige, lakini hakuniita.

Tulimzika mahindi mapya yakiwa yamefika magotini. Kwa picha ya kwenye jeneza na kwenye bango la langoni, Aunti alichagua kutoka kwenye flashi. Waombolezaji walisimama mbele ya bango wakishangaa jinsi alivyokuwa na afya. Watu walipopungua, Shosho alinitafuta kwa mkono hadi akanipata. "Wangui, hiyo picha wameweka, ni ile ya kofia ya njano?" Nikasema ndiyo. "Ile ya kila Jumapili?" Nikasema ndiyo, nikaanza kulia. Alinishika kichwa akakilaza mapajani mwake. "Ulikuwa mtoto," alisema. Alisema hivyo mara nyingi, siku hiyo na miaka iliyofuata, na kila mara nilisikia kwamba hajasema kingine.

Siku hizi hakuna anayehitaji flashi wala saiba. Krismasi tukikutana Rongai, binamu zangu huzirusha picha kutoka kwenye simu hadi kwenye televisheni kubwa ukutani, mia mbili, mia tatu, zinapita hata chai haijapoa, na nusu ya watu wameinamia simu zao wakitazama nyingine. Zimekuwa nyingi mno kiasi kwamba hakuna anayeuliza nani amekonda. Shosho bado yuko, mzee sana, bado anaketi karibu na kioo, na bado mimi ndiye ninayemsemea. Sasa namwambia kila kitu hata asichouliza: kwamba Aunti Nyambura amekatika nywele, kwamba mume wa binamu hayupo kwenye picha yoyote mwaka huu. Ananisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtu wa redioni. Krismasi iliyopita ilitokea picha ya mwanangu wa kiume, nikamweleza kwamba amekua, amejaa, shati la shule limembana. "Limembana," alisema Shosho. Kisha akanyoosha mkono pembeni, mbali na televisheni na mbali na mimi, akamwita mtoto aje, na akamshika mkono juu kidogo ya kiwiko, akaubana mpaka aliporidhika.