Ukanda wa Nyasi Niliomchagulia Abdi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya vyuma pale Tyseley, ughaibuni, msimamizi alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso. Alikuwa Singasinga mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu.

"Shule uliacha darasa la ngapi?"

"La sita, mzee."

"Vizuri. Hutabishana na michoro."

Nilikuwa nimepita bandari, mashamba na majiko ya nchi nne bila kumaliza mwaka popote. Hapo nikatulia, kwa sababu sikuwahi kuona kitu kama tulichotengeneza: nyua za chuma zinazosimikwa juu mlimani, pale maporomoko ya theluji yanapoanzia, ili theluji isishuke. Nilimchosha msimamizi kwa maswali. Mwaka wa pili akanitia kwenye kikosi cha marekebisho, kilichokwenda milima ya Alps kila baridi ilipoanza kulegea. "Kaiulize theluji yenyewe," alisema.

Kule tulikuwa chini ya mkaguzi wa theluji, mama wa makamo, mwenyeji wa bonde lile. Alitufundisha kuogopa joto. Jua likipiga, maji hupenya mpaka chini, nyasi huteleza, na theluji ya mteremko mzima huanza kutambaa kama zulia kwenye sakafu yenye sabuni. Kila asubuhi alikanyaga kwa kisigino. Ukoko wa juu ukimbeba, tulipanda, ukivunjika, tulibaki. Na kabla ya adhuhuri, sharti tuwe tumeshuka.

Siku moja nati iligoma, tukachelewa. Abdi, mchomeaji wetu, Msomali aliyekulia Garissa, akatazama saa.

"Naswali rakaa zangu mbili za safari, kisha tushuke. Lakini wapi? Juu ya aiskrimu?"

Nikamwonyesha ukanda wa nyasi upande wa kushoto, upana wa hatua tatu, katikati ya weupe wote ule. "Pale. Pakavu."

"Wewe una jicho, ndugu yangu."

Akaenda kwa ubavu wa mteremko, akavua buti, akaziweka kwenye theluji ya ukingo wa chini, akaelekea kibla, upande wa bondeni.

Mkaguzi alitokea nyuma ya mwamba, akamwona. Uso wake ulibadilika rangi. Kwa sauti ya chini akanieleza kwamba ule ukanda wa nyasi ulikuwa ufa. Theluji yote iliyokuwa chini ya ufa ilikuwa imeshaachana na ya juu, na haikushikiliwa na kitu. Nilitaka kupiga kelele. Akanifunga mdomo kwa glovu yake.

"Ukimwita, atazifuata buti. Mwache."

Abdi alikuwa kwenye sijida ya mwisho. Ikatoka sauti kama lori linalomwaga kokoto. Mbele ya paji lake la uso, theluji yenye kimo cha mtu iliondoka yote kwa pamoja, ikapasuka vipande, ikazama bondeni. Abdi akaketi, akamaliza tahiyatu, akatoa salamu kulia, akatoa kushoto.

"Jamani," akasema, "nani amechukua buti zangu?"

Hakuna aliyecheka.

Sasa nimestaafu, naishi Acocks Green, jirani na karakana ile, na Abdi yuko mitaa miwili kutoka kwangu. Huwasimulia wajukuu wake, nao humjibu kwa Kiingereza, jinsi nilivyomchagulia mahali pekee salama katika mlima mzima. Watu hunipongeza, nami miaka yote hii nimezipokea pongezi hizo. Nyinyi mnaoingia kazi hii, mkiona nyasi katikati ya theluji wakati wa joto, msikaribie. Mimi niliona pakavu tu, nikamtuma rafiki yangu huko.

Juzi nilimpelekea Abdi maandishi haya kabla ya kuwapa nyinyi. Alisoma polepole, akavua miwani.

"Kwa hiyo hukujua."

"Sikujua."

Mlimani siku ile alishuka kwa soksi, akitania njia nzima. Sasa aliiweka karatasi mezani, akavaa tena miwani, akaisoma upya bila utani hata mmoja.