Mke Asiyemjibu Mumewe

Dominika wa Kibosho alikuwa mwanamke mwenye mdomo, tangu usichana wake. Lakini mwaka 2004 ukoo mzima wa mumewe ulimkasirikia kwa kunyamaza.

Mumewe, Melkior, kitinda mimba aliyebaki kihambani, kwenye shamba la ukoo, na mama yake, alikuwa na maradhi ya wasiwasi. Akienda kupalilia kahawa, moyo unamwambia moto wa jikoni haukuzimwa, nyumba itateketea na mama ndani. Anarudi, anachokonoa majivu, anaondoka, anarudi tena. Shamba likajaa magugu. Daktari wa mjini akamuunganisha na mtaalamu wa Dar es Salaam, Bi Ruth, aliyemtibu kila Alhamisi kwa simu ya mkononi, Melkior akiwa amesimama nyuma ya zizi, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Tiba yenyewe ilikuwa ngumu: auache wasiwasi upande mpaka ushuke wenyewe, bila kurudi kukagua. Na akiuliza kama moto umezimwa, asijibiwe, maana kila jibu linaulisha ugonjwa.

Dominika akajikaza. Lakini mama mkwe, Bibi Hilda, akawa anajibu yeye kutoka migombani: "Umezimwa, baba, umezimwa." Kazi ya wiki nzima ikaenda na maji. Dominika alimweleza, akamweleza tena, mpaka akachemka. Huruma gani hii ya kumrudisha mtu shimoni? Akaambiwa ana roho mbaya, na shemeji yake Filbert akapanda kutoka Moshi kuitisha kikao.

Mbege, pombe ya ndizi, ikazunguka, na lawama zikazunguka. Filbert alisema mke asiyemjibu mumewe amekwisha kumzika. Dominika alihisi damu ikimpanda kichwani. Miaka yote ile hakuna aliyekuja kumwona mgonjwa. Leo anaanza kupona, ndiyo wameijua njia!

"Shemeji," alisema, "alipokuwa anaungua vidole kwenye majivu, ulikuwa wapi?"

Melkior alikuwa ameinuka nusu, jasho likimtoka, macho yakiwa jikoni.

"Moto umezimwa?" aliuliza.

Mama akafungua kinywa. Filbert naye. Dominika akang'ata mdomo.

"Msinijibu," Melkior alisema. "Mama, nakuomba. Usinijibu."

Akaketi. Macho hayakubanduka jikoni, na wote wakalazimika kukaa naye hivyo hivyo, kimya, Filbert akiwa na kata ya mbege mkononi asijue ampe nani.