Mke Asiye na Mjomba

Siku moja hainitoki akilini, mjukuu wangu, siku niliyosimama mbele ya jumbe wetu hapa Mnyambe, kanzu yangu imefuliwa vizuri, na mke wangu mpya amekaa mkekani nyuma yangu. Nimesikia unahangaikia makaratasi ya uhamiaji ili umlete mchumba wako kutoka nchi za mbali. Ni jambo jema. Ndiyo maana nikakuita kabla hujapanda basi. Kaa vizuri, maana maneno yangu siku hizi yanatembea kwa mkongojo kama mimi mwenyewe.

Wakati ule Mwingereza alikuwa bado anatawala, na ng'ambo ya Ruvuma alikuwapo Mreno. Mimi nilikuwa kijana wa kuchuuza. Nikishuka bondeni na tumbaku, nikipanda na samaki wakavu. Huko ndiko nilikomwona Zaituni, binti wa Kimakua wa upande wa pili wa mto. Baba yake alichukuliwa na Wareno kwenye kazi za lazima, hakurudi. Mama yake alikuwa amefariki. Alilelewa na bibi yake, na yule bibi alinitazama weee, kisha akauweka mkono wa mjukuu wake ndani ya wangu. "Mpeleke mahali ambapo hatakimbizwa," akasema. Tukavuka kwa mtumbwi.

Sasa, mgeni wa kutoka kwa Wareno hakukaa tu hivi hivi. Sharti jumbe amkubali, kisha ampeleke kwa liwali Newala. Bila hivyo, siku tarishi wa serikali akipita, mtu anarudishwa mtoni. Mimi nilidhani ni shughuli ya asubuhi moja.

"Nani anamdhamini binti huyu?" jumbe aliuliza.

"Mimi, mzee. Ni mke wangu."

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Na siku utakapomkosea, atakuja kukushitaki kwako wewe?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Jumbe akaendelea, taratibu, "Kila mwanamke katika nchi hii ana mjomba. Akipigwa, anajua pa kwenda. Akifiwa, anajua nani atakuja. Huyu umemvusha mto, lakini hujamfikisha popote. Mtafutie watu wake, ndipo mrudi."

Nilitoka pale nimefura. Watu wake wako ng'ambo, nikasema moyoni, nitawatoa wapi? Na nikwambie kitu, mwanangu: kijana akioa mke asiye na ndugu karibu, huona kama ameokota embe lililoanguka lenyewe. Hakuna mkwe wa kumwogopa, hakuna shemeji wa kumlisha. Jumbe aliliona hilo usoni mwangu kabla mimi sijaliona.

Rafiki mmoja akanipa ushauri wa mkato: nenda Newala mwenyewe, sema amezaliwa huku huku. Nikampelekea Zaituni neno hilo kama zawadi. Alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini.

"Nikisema nimezaliwa huku, bibi yangu nitakuwa nimemzika yuko hai," akasema. "Mwacha asili ni mtumwa. Mimi sikuvuka ili niwe mtumwa."

Siku ya pili yake akafanya alilolijua yeye. Alikwenda sokoni Newala, akawa anawauliza wanawake wa Kimakua mmoja mmoja kuhusu ukoo wake, ule wanaouita *nihimo*, ambao mtu huupata kwa mama. Koo hizo hazikujua habari ya mpaka wa Wazungu. Mama mmoja muuza chumvi akamwambia yuko mzee wa ukoo huo Chiwata, anaitwa Mzee Nakoma.

Tukashuka kutoka uwanda wetu wa juu kwa miguu. Tulimkuta mzee shambani anapalilia mihogo. Zaituni alipiga magoti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakuuliza umetoka wapi. Aliuliza bibi yako ni nani, na mama yake ni nani, na makaburi yenu yako upande gani wa kijito. Zaituni akajibu yote kwa Kimakua. Katikati ya jibu moja sauti yake ikakatika, na mzee akalimalizia jibu mwenyewe. Kumbe mama wa mzee huyo alizaliwa kijiji kilekile cha bibi yake Zaituni.

Mzee akamwita mkewe. "Mama Salima! Mwanao amekuja. Mpe maji aoge." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, kijana mgeni, unatafuta nini hapa?"

Nikasema nimekuja na mke wangu. "Sikuona mahari yako," akajibu, "wala sijawaona wazee wako. Nenda ukawalete."

Nikamvuta Zaituni pembeni, nikamwambia twende zetu. Akatikisa kichwa. "Hapa mimi ni mtoto wa mtu. Kule kwenu ni mzigo wako tu. Njoo unichukue kwa heshima."

Nilirudi peke yangu, na njia ile sijawahi kuiona ndefu vile. Nilihofu amenipotea. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwendea mjomba wangu, naye akavaa kofia yake, tukaenda Chiwata kuposa upya. Msimu mzima wa mvua nililima shamba la Mzee Nakoma, na jioni nilimwona Zaituni akicheka na mabinti wa pale, cheko ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwangu.

Baada ya mavuno mzee alinikabidhi mke wangu, akapanda uwanda nasi, na jumbe akatukubali, akatupeleka Newala. Mbele ya liwali alisema maneno machache. "Huyu ni mwanangu. Akikosa, niiteni. Akikosewa, nitakuja mwenyewe."

Na alikuja kweli. Mwaka wa mtoto wetu wa kwanza Zaituni alitaka kwenda kumwonyesha bibi yake. Nikakataa, nikiogopa Wareno, na zaidi nikiogopa asirudi. Akaenda Chiwata. Siku chache baadaye mzee akaketi barazani kwangu, akapewa maji, asiyaguse. "Aliyemvusha kuja," akasema, "ndiye wa kumvusha kwenda." Tukavuka sote watatu, mtoto mgongoni mwa mama yake. Bibi alimpakata yule mtoto, na mwaka uliofuata akafariki. Sijui ningemtazama vipi Zaituni miaka yote hii kama ningeshinda ubishi ule.

Basi, mwanangu, makaratasi yafuate kwa ukweli wake, usimtungie mwenzio asili isiyo yake. Njia ya kwao usiifunge, hata ukiwa na hofu. Lakini kubwa ni hili: kabla hajashuka kwenye ndege, awe na mtu huku atakayesimama upande wake hata dhidi yako. Kama hana, mwambie yupo mzee mmoja Mnyambe, ndiye mjomba wake. Siku atakayokuja kunishitakia, usinitazame kama babu yako.

Mungu awakutanishe salama. Awape nyumba yenye maneno matamu na mtungi usiokauka, na watoto wenu wawe na makwao pande zote mbili. Haya, basi lako lisikuache.