Foleni Niliyodhani Ni Yangu

Nilianza kuimba kwenye vilabu vya pombe Ipogolo, mjini Iringa, kisha bendi moja ya Mbeya ikanichukua, na mwaka huo santuri yetu ya kwanza ikaingia madukani. Nikarudi Iringa kusalimia, nimevaa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni. Nje ya duka lililouza vyakula na santuri nilikuta foleni ndefu, na ndani wimbo wetu ukipigwa. Mjinga mimi, sikuuliza kitu. Nikapanda ngazi nikasema, "Ahsanteni sana, ndugu zangu. Wote mtapata."

Wakanipigia makofi. Mama aliyekuwa mbele akaninyooshea karatasi.

"Nisaidie, mwanangu, nimesimama toka alfajiri."

Nikatoa kalamu, nikaweka sahihi kubwa iliyojaza karatasi nzima. Akashukuru, akaingia dukani.

Punde akatoka na mwenye duka, aliyeshika ile karatasi. "Mama, kibali hiki kimeshasainiwa. Maana yake sukari yako ya mgawo umekwisha kuichukua."

"Sukari gani? Amesaini huyu hapa!"

Foleni nzima ikanitazama. Mama akanisogelea, akanikagua kuanzia viatu hadi nywele.

"Kwani we kijana ni nani?"