Siku Niliyoficha Kisu cha Baba

Baba yangu alikuwa mchinjaji wa kijiji chetu huko Mamba, na sifa yake kubwa ilikuwa kuwahi. Waislamu tulikuwa nyumba chache tu katikati ya Wakatoliki, lakini mnyama aliyechinjwa na baba kila mtu alimla bila wasiwasi. Ng'ombe akizidiwa na ugonjwa, baba aliitwa amchinje kabla hajakata roho, kwa sababu mnyama akishajifia ni kibudu, na kibudu hakiliwi. Baba hakuwahi kuchelewa hata mara moja. Ujira wake ulikuwa shingo, nami nimekula shingo nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya sabini, mvua ilipitiliza. Mbu walitutafuna mchana kweupe, na barabara ya Mpanda ikakatika. Ndipo ng'ombe wa jirani yetu Msukuma, aliyehamia kwetu na mifugo yake miaka michache nyuma, wakaanza kutupa mimba. Leo mmoja, kesho watatu. Waliozidiwa, baba aliwawahi.

Mimi nilikuwa mhudumu wa zahanati, msichana mwenye ulimi mkali kuliko sindano zangu. Siku moja aliletwa zahanati mdogo wake yule jirani, mwanamume mwenye nguvu zake, homa inamchoma na macho mekundu. Bwana mganga akasema malaria, tukampa klorokwini. Siku ya tatu fizi zikaanza kutoa damu, kisha akaitapika. Nilimshikilia kichwa mpaka alipokufa. Bwana mganga akaniambia niandike malaria. Niliandika, na hasira ya kuandika vile ninayo hadi leo.

Malaria gani ile? Nyama tulikula wote, ikiwa imechemka vizuri, na hatukuugua. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akivuta ndama wafu kwa mikono na kupasua matumbo, damu mpaka viwikoni. Jina la homa ya Bonde la Ufa, ile inayompata mtu kwa damu ya mifugo wagonjwa, nilikuja kulisikia nikiwa na wajukuu, na hakuna aliyenithibitishia kwamba ndiyo hiyo. Lakini macho nilikuwa nayo. Niliwaandikia mabwana mifugo wa Mpanda, barua ikabaki ndani ya daftari langu ikingoja lori ambalo halikuja.

Mpasuaji akawa amekufa, na kazi ya kupasua nayo ikamwangukia baba. Wiki ile alikuwa amejikata kidole gumba, amekifunga kitambaa. Kitambaa hakizuii damu.

Nikamwambia aache.

"Mimi nachinja tangu hujazaliwa," akacheka. "Damu imeniua lini?"

"Itakuua sasa, baba."

"Na jirani nimwambieje? Kafiwa, mifugo inakwisha, na hata nyama nimwachie ioze? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, binti yangu."

Kuhusu guu, nilijisemea langu na livunjike, mradi yeye apone.

Asubuhi iliyofuata, baba akiwa shambani, nilikiosha kisu chake kwa maji ya moto nikakizamisha ndani ya kihenge, ghala letu la matete, chini kabisa ya mpunga.

Mchana jirani akaja mbio. "Mzee, wahi! Lile jike kubwa linakata roho!"

Baba akainama uvunguni, akapekua darini, akamwaga kapu. Kisu cha kuazima hakukitaka. Kumchinja mnyama kwa kisu butu kwake ilikuwa dhambi. Mimi nilisimama mbele ya kihenge nikipeta mchele ambao ulikuwa umeshapetwa. Aliniangalia. Akatazama kihenge. Nikamkazia macho, na sikusogea.

Akavuta kigoda, akakaa.

"Kisu sikioni, jirani," alisema. "Ngoja kidogo."

"Nyie watu, ng'ombe anakufa!"

"Nasikia. Ngoja kidogo."

Jirani alirudi nyumbani kwake akilalamika njia nzima. Baba hakuinuka. Alikaa pale akishika kidole chake chenye kitambaa, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. Niliona aibu kubwa kumfanyia vile, lakini ningefanya tena hata siku hiyohiyo.

Jirani akarudi taratibu. "Amekufa, mzee."

"Basi ni kibudu," baba akasema. "Hakuna wa kumpasua wala wa kumla. Tutamzika mzima, na shimo nitachimba mimi."

"Mvuteni kwa kamba," nikadakia. "Mtu asimguse kwa mkono."

"Umemsikia bwana mganga wangu," baba akasema, bila kucheka.

Jirani akaenda kutafuta kamba. Baba akachukua jembe, akafika mlangoni, akasimama akiwa amenipa mgongo.

"Kitoe kwenye mpunga," alisema. "Kitashika kutu kabla ya kiangazi."